Naomba mapishi ya chakula cha moto, rahisi kupika, kinachofaa watoto wadogo na wazazi kutoka sufuria moja

Mama wa Wawili ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo ametimiza miezi tisa. Mimi na mume wangu hurudi nyumbani jioni tumechoka, na kwa saa hiyo watoto nao huwa wameshaanza kulia njaa. Ninachokitafuta ni chakula cha moto, laini, chenye kushibisha, kile ambacho mtu akikila moyo wake unatulia. Lakini kisiwe cha kunisimamisha jikoni kwa zaidi ya dakika 50, na kisinilazimu kubandika sufuria tatu, ya mtoto mchanga, ya mkubwa wake na ya watu wazima.

Mapishi ninayoyapata ni ya namna mbili. Yapo ya watoto, ambayo ni vyakula vilivyopondwa visivyo na ladha yoyote, na yapo ya watu wazima, yenye chumvi, pilipili na viungo vingi, ambayo siwezi kumpa mtoto wa miezi tisa. Sihitaji orodha ndefu. Ningependa mnieleze vyakula vichache ambavyo ninyi wenyewe hupika mara kwa mara, namna mnavyovipika hatua kwa hatua, na namna mnavyomtolea mtoto mdogo sehemu yake. Nina jiko lenye sehemu mbili za moto, sina oveni, na nina friji yenye sehemu ya kugandishia. Nyama na samaki tunakula, na hakuna kati yetu mwenye mzio wa chakula.

Mpishi wa Kila Siku amejibu:

Dada, mapishi unayo tayari. Kinachohitaji kubadilika ni wakati wa kukoleza. Wengi wetu tumezoea kutia chumvi mara tu kitunguu kinapoingia kwenye mafuta, na kuanzia hapo sufuria nzima inakuwa ya watu wazima. Ukiahirisha chumvi na pilipili hadi dakika kumi za mwisho, sufuria inabaki ya wote kwa muda wote wa mapishi: unachota sehemu ya mtoto, unaiweka kando, kisha unakoleza iliyobaki kadiri mnavyopenda. Chumvi hupenya kwenye supu na mchuzi ndani ya dakika chache, kwa hiyo watu wazima hawatahisi kwamba ilichelewa.

Jambo hili lina sharti moja, kwamba chakula kiwe na utamu wake chenyewe kabla ya chumvi. Utamu huo hutoka kwenye kitunguu na karoti zilizokaangwa taratibu. Katakata kitunguu maji kikubwa na karoti mbili vipande vidogo sana, vitie kwenye vijiko viwili vya mafuta kwa moto mdogo, funika, na uviache kwa dakika kumi huku ukikoroga mara mojamoja, mpaka kitunguu kiwe laini na king'ae bila kuwa cha kahawia. Watu hufupisha hatua hii kwa kuongeza moto, na matokeo yake kitunguu kinaungua pembeni huku ndani kikibaki kikali, kisha chumvi nyingi inatumika kuficha ukali huo. Mapishi mengine yote nitakayokueleza yanaanzia hapa.

Chakula ninachokipika zaidi ni supu nzito ya kuku na mchele. Baada ya kitunguu na karoti kulainika, ongeza kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, kizima bila kukikata, ili uweze kukitoa baadaye. Weka mapaja manne ya kuku yenye mifupa, yaliyotolewa ngozi, na maji lita moja na nusu. Mapaja ni bora kuliko kidari kwa sababu hayakauki hata ukiyapitiliza muda, na mifupa yake huifanya supu iwe nzito na yenye ladha. Supu ikianza kuchemka punguza moto mara moja, itokote polepole tu. Ikichemka kwa nguvu nyama hukakamaa na supu huwa na ukungu. Ondoa povu linalopanda juu. Baada ya dakika 30 hadi 35 nyama itakuwa inaachia mfupa. Toa kuku, tia nusu kikombe cha mchele uliooshwa, na wakati mchele unaiva, chambua nyama kwa vidole. Nasisitiza vidole, kwa sababu vidole ndivyo vitakavyogundua kipande kidogo cha mfupa au gegedu ambacho uma hautakihisi.

Mchele utaiva kwa dakika 20 hivi. Kwa mtoto wa miezi tisa, chota mchele, karoti na nyama pamoja na supu kidogo, uponde kwa uma bila kusaga mpaka iwe maji. Katika umri huo anapaswa kujifunza kutafuna, na vipande laini vinavyopondeka kati ya vidole viwili vinamfaa. Sufuria iliyobaki itie chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga, na mwisho kabisa, baada ya kuzima moto, maji ya nusu limau. Limau likichemshwa hupoteza harufu yake nzuri, ndiyo maana linaingia mwisho.

Utaona kwamba muda wote huo unafikia saa moja na zaidi kidogo, lakini muda wako wewe wa kusimama ni kama dakika 20. Nusu saa nzima kuku yupo motoni na wewe unaweza kuwaogesha watoto. Siku ambayo hata hilo haliwezekani, pika kuku na supu yake usiku uliotangulia, uweke kwenye friji, na jioni inayofuata ubakize kazi ya mchele tu. Faida nyingine ni kwamba mafuta yatakuwa yameganda juu, na utayaondoa kwa kijiko.

Baba Jikoni amejibu:

Naunga mkono maelezo ya ndugu aliyetangulia kuhusu kitunguu na chumvi, na ningependa kuongeza chakula kisicho na nyama ambacho nyumbani kwetu watoto hukiomba wenyewe: tambi kwa mchuzi wa nyanya na adesi, yaani zile dengu ndogo nyekundu zilizokobolewa. Adesi hizi hazihitaji kulowekwa, huiva kwa dakika 15 hadi 20, na zikiiva hupasuka zenyewe na kuufanya mchuzi uwe mzito kana kwamba umetiwa nyama ya kusaga.

Kuna siri moja katika mpangilio wake. Adesi zichemshwe kwanza kwa maji matupu, nyanya zifuate baadaye. Ukali wa nyanya huchelewesha mbegu za jamii ya kunde kulainika, na anayezitia pamoja tangu mwanzo hukuta punje ngumu ndani ya mchuzi ulioiva. Kwa hiyo, juu ya kitunguu, karoti na punje tatu za kitunguu saumu zilizolainika, tia kikombe kimoja cha adesi zilizooshwa mpaka maji yakawa safi, ongeza vikombe vitatu vya maji, na uache zichemke hadi zianze kuvurugika. Hapo ndipo unatia nyanya sita mbivu zilizomenywa na kukatwakatwa. Acha zitokote kwa dakika nyingine 15 bila mfuniko ili maji ya nyanya yapungue na ukali wake utulie. Ikiwa nyanya ni chachu, usikimbilie sukari. Karoti moja zaidi iliyokunwa hufanya kazi hiyo.

Tambi zichemshwe kwenye maji mengi yasiyo na chumvi, kwa ajili ya mtoto mdogo. Kabla ya kuzichuja, chota kikombe kimoja cha maji yake na ukihifadhi. Maji hayo yana wanga uliotoka kwenye tambi, na ukitia robo au nusu yake kwenye mchuzi kisha ukachanganya na tambi juu ya moto kwa dakika moja, mchuzi hushikamana na tambi badala ya kutuama chini ya sahani. Mtoto wa miezi tisa mtolee tambi fupi zilizoiva kupita kiasi kidogo, uzikate kwa mkasi safi, na umpe mchuzi kabla hujautia chumvi. Wakubwa wao waongeze jibini iliyokunwa, pilipili manga, au mafuta ya zeituni.

Mchuzi huu ndio unaostahili nafasi kwenye sehemu yako ya kugandishia. Pika mara mbili ya kipimo siku ya mapumziko, usitie chumvi kabisa, uuache upoe, na uugawe kwenye vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja. Hudumu miezi mitatu bila kupoteza ladha. Mchuzi huo huo, ukiuongezea maji, ni supu. Ukivunjia mayai ndani yake na kufunika hadi kiini kigande, ni mlo mwingine. Ukiula kwa wali, ni mlo wa tatu. Kwa maoni yangu, familia yenye watoto wadogo hupumzika zaidi kwa kuwa na mchuzi mmoja unaogeuka kuliko kwa kuwa na mapishi mapya kila siku.

Muuguzi wa Watoto amejibu:

Mama wa Wawili, wenzangu wamekupa mapishi mazuri, nami nitajikita katika usalama wa huyo mdogo, kwa kuwa yapo mambo machache ambayo hayavumilii kukadiria.

Kuhusu chumvi, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji kuongezewa chumvi kwenye chakula, kwa sababu figo zake bado ni changa na kiasi kidogo kilichomo kwenye maziwa na vyakula vyenyewe kinamtosha. Vidonge na unga wa supu vihesabiwe kuwa ni chumvi. Vingi vyao vimejaa chumvi hata kama jina lake linataja kuku au mboga. Hata kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi ambacho ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo desturi ya kukoleza mwishoni na kuonja inawafaidi ninyi pia.

Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza miezi 12, hata ikiwa imepikwa ndani ya chakula. Inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria viitwavyo Clostridium botulinum, ambavyo havifi kwa moto wa kawaida wa jikoni, na vinapofika kwenye utumbo wa mtoto mchanga vinaweza kutengeneza sumu inayodhoofisha misuli. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kutumika ndani ya mapishi yake, kwa mfano kwenye viazi vya kuponda, lakini yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Maziwa ya mama au maziwa mbadala ya watoto yaendelee.

Kuhusu kukabwa, kinachohatarisha zaidi ni umbo na ugumu wa chakula. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe vipande vinne kwa urefu. Karoti mbichi, vipande vya tofaa bichi, na njugu nzima si vya mtoto huyu, na njugu nzima zisimfikie hata mkubwa wake mpaka atimize miaka mitano. Karoti ya kwenye supu ipikwe hadi ipondeke kwa kubonyezwa na vidole. Mtoto ale akiwa ameketi wima, na mtu mzima awe karibu naye muda wote.

Sasa wali, ambao watu huuamini kupita kiasi. Mchele unaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani kwa saa nyingi ukiwa vuguvugu, vijimbegu hivyo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka utoe moshi. Kwa hiyo usalama wake uko katika kuupoza haraka. Utandaze kwenye sinia au bakuli pana, na ndani ya saa moja uwe umeshaingia kwenye friji. Uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu. Supu nzito ya mchele ifuate kanuni hiyo hiyo, na ndiyo sababu napendelea ushauri wa Mpishi wa Kila Siku wa kuhifadhi supu bila mchele na kuutia siku ya kula.

Vyakula vingine visikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiachwa ipoe yenyewe huchukua nusu ya usiku, kwa hiyo igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina kirefu, au iweke ndani ya beseni lenye maji baridi huku ukikoroga. Joto ndani ya friji yako lisizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Unapopasha, chakula kitokote katikati na si pembezoni tu, kisha kipoe kabla ya kumpa mtoto. Na kile alichobakisha kwenye bakuli lake kitupwe, kwa kuwa mate yake yameshaingia.

Mwisho, nimefurahi kuona nyama ya mapaja na adesi katika mapishi haya. Kuanzia miezi sita akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huwa imepungua sana, na uji wa nafaka peke yake haumtoshelezi. Chuma kilichomo kwenye adesi na maharagwe hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na vyakula vyenye vitamini C, kama nyanya, pilipili hoho au limau. Chai hufanya kinyume chake, hivyo mkubwa asinywe chai pamoja na mlo.

Mama Mzoefu amejibu:

Mwanangu, pole na uchovu. Nakuongezea chakula kimoja tu, nyama ya kusaga na viazi vya kuponda. Kwa kawaida hutiwa kwenye oveni, lakini hakikosi kitu cha maana ukikipika juu ya jiko.

Anza na viazi, kilo moja, vimenywe na kukatwa vipande vinavyolingana. Viweke kwenye maji baridi ndipo uwashe moto. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje huiva na kumomonyoka wakati ndani bado ni vigumu. Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria motoni kwa dakika moja huku ukiitikisa ili mvuke utoke na viazi vikauke. Hapo hapo, vikiwa vya moto, viponde kwa mwiko au kiponda viazi, utie siagi vijiko viwili na maziwa yaliyopashwa, robo tatu ya kikombe, kidogo kidogo. Maziwa baridi huvipoza viazi kabla havijalainika. Na tafadhali usivisage kwa mashine ya umeme. Visu vyake hupasua chembe za viazi na kuuachia wanga wote, navyo hugeuka kuwa gundi, na hakuna namna ya kuvirudisha.

Nyama ya kusaga, nusu kilo, ipikwe kwenye kikaango kipana kabla ya kitunguu. Kikaango kipate moto sana, tandaza nyama, halafu uiache bila kuigusa kwa dakika tatu au nne, mpaka upande wa chini uwe wa kahawia. Watu huikoroga tangu mwanzo, nyama inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, na ladha yote nzuri inakosekana. Kama kikaango chako ni kidogo, igawe mara mbili. Ikishabadilika rangi yote, itoe, pika kitunguu na karoti kwenye mafuta yaliyobaki, rudisha nyama, tia nyanya mbili, kijiko cha unga wa ngano na kikombe cha maji, ufunike kwa dakika 20. Njegere zikiwepo ziingie mwishoni, na za mtoto mdogo zibonyezwe kwanza.

Mtolee mdogo nyama na viazi kabla ya chumvi. Vyenu tandazeni viazi juu ya nyama ndani ya kikaango hicho hicho, mkichore kwa uma, mfunike kwa moto mdogo sana kwa dakika kumi. Hakitakuwa na ukoko wa juu kama cha oveni, lakini mchuzi utapanda ukaingia kwenye viazi, na mimi binafsi nakipenda hivyo zaidi.

Mama wa Wawili amejibu:

Shikamoo mama, na asanteni sana ndugu zangu wote. Sikuwahi kufikiri kwamba chumvi ikichelewa tu ninaweza kupunguza sufuria mbili. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, huyu wa miaka minne hapendi chakula kilichochanganywa. Supu yenye mchele, karoti na nyama pamoja ataisukuma kando, na huishia kula mkate mtupu. Je, nimpikie chakula chake peke yake? La pili, siku ambazo nimechelewa kabisa na sijaandaa chochote, mnapika nini ndani ya dakika 20?

Mpishi wa Kila Siku amejibu:

Dada, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Mayai na viazi. Kata viazi vitatu vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi mara mbili, vikaange kwenye kikaango kilichofunikwa pamoja na kitunguu kwa dakika kumi. Vikiwa vidogo hivyo huiva haraka. Tia mkono mmoja wa mchicha uliokatwakatwa, kisha mayai sita yaliyopigwa, punguza moto, funika, na uyaache yagande mpaka juu. Kwa mtoto mdogo yasibaki na majimaji hata kidogo. Kata vipande virefu vya upana wa kidole, ambavyo huyo wa miezi tisa ataweza kuvishika mwenyewe. Wazazi mtajinyunyizia chumvi na pilipili mezani.

Maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa na kugandishwa nayo ni mwokozi wa jioni za namna hiyo. Ila ukichemsha maharagwe mekundu mwenyewe, yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko mkali, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Muuguzi wa Watoto amejibu:

Kuhusu swali la kwanza, usimpikie chakula chake peke yake, lakini usimlazimishe kula mchanganyiko pia. Katika umri wa miaka miwili hadi mitano watoto wengi huogopa vyakula wasivyovitambua kwa macho, na chakula kilichochanganywa huwaficha kilichomo. Mtenganishie vile vile vilivyo sufuriani: mchele upande mmoja, vipande vya kuku upande wa pili, karoti chache pembeni, na supu kwenye kikombe chake anywe. Hujapika kitu kingine chochote, umebadilisha upakuaji tu.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliweka mgawanyo ambao nimeona ukituliza nyumba nyingi: mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Maana yake ni kwamba wewe unahakikisha kila mlo una angalau kitu kimoja anachokikubali, hata kama ni wali au mkate kidogo, unakiweka mezani pamoja na vingine, kisha unaacha kumsihi. Usimuahidi kitu kitamu akimaliza karoti, kwa sababu ahadi hiyo humfundisha kwamba karoti ni adhabu na kitamu ni tuzo. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na kukigusa au kukinusa bila kukila nako ni hatua. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne.

Mkate nao usiwe mbadala unaoletwa baada ya kukataa. Ukiwa sehemu ya mlo, uwepo mezani tangu mwanzo, kwa kiasi, na ukiisha umeisha. Punguza pia maziwa na vitafunwa katika saa moja na nusu kabla ya chakula cha jioni, kwa maana mtoto aliyeshiba maziwa saa kumi na moja hana sababu ya kuonja karoti saa kumi na mbili. Ikiwa atakataa makundi mazima ya vyakula kwa muda mrefu, au uzito wake utasimama, mpeleke kliniki apimwe.

Baba Jikoni amejibu:

Naongeza dogo kwenye hilo la mkubwa. Mpe kazi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuosha mchele, kuchambua majani ya mchicha, kuponda viazi vikishapoa kidogo, na kukoroga mayai kwenye bakuli. Wetu alianza kula adesi baada ya kuachiwa aziogeshe mwenyewe na kutazama maji yakibadilika rangi. Mpangie kazi moja tu kila siku, mbali na moto na visu, na umwache aonje anachokishika ikiwa ni kitu kinacholiwa kibichi. Mayai mabichi asiyaonje, na mikono yake ioshwe mara baada ya kuyakoroga.

Kuhusu ratiba, kwa jiko lako na friji yako ningekushauri uanze na mchuzi wa adesi siku ya mapumziko, vyombo vinne. Siku ya kwanza ule kwa tambi, siku ya pili upike supu ya kuku, siku ya tatu mayai na viazi, na chombo cha pili cha mchuzi ukitoe kwenye sehemu ya kugandishia asubuhi ya siku ya nne, ukiweke chini kwenye friji kiyeyuke polepole hadi jioni. Usikiyeyushe juu ya meza.